Sindano za Risasi

Tulimpelekea Mwalimu Sembuche mitali minne ya mama
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga,
Barabara ya Kumi na Tatu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli,
kwa sababu haikuwa na uzito sawa
na sisi hatukuwa na moyo wa kuipigia kura.
Mbaruku mafungu mawili, Riziki moja, mimi moja:
sheria inajulikana. Fedha ndiyo isiyojua kugawanyika
mpaka iache kwanza kuwa mtali.

"Mtali haufi," alisema mwalimu, akivaa miwani ya kuchomelea.
"Unahama nyumba tu."
Miaka thelathini amefundisha kemia shule ileile
na bado husema kama anayeandika ubaoni.

Tindikali ikauma. Moshi wa rangi ya kutu
ukapanda juu ya ua, tukahamia upande wa upepo,
na maji yakageuka buluu.
"Hiyo ni shaba," akasema. "Fedha ikiyeyuka haina rangi.
Anayeonekana sana siye mwenye mali."
Chini palibaki unga kidogo, mweupe, wa bati.
Akauchuja kwa kitambaa, akautazama mara mbili, akanyamaza.

Halafu chumvi. Chumvi ya mawe ya Mwambani, konzi mbili,
iliyokorogwa katika maji ya mvua
(ya bomba, alisema, yana maneno yake).
Aliimimina taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa,
na palepale ndani ya buluu pakaganda
mabonge meupe, mazito, maziwa yaliyokatika,
yakizama, yakizama.
Klorini imeishika fedha, akaeleza,
haiiachi hata umwagie ndoo.
Shaba nayo imeshikwa, lakini yenyewe huogelea na aliyeishika,
kwa hiyo nenda nayo, kamwage.
Tuliosha mara saba mpaka buluu ikaisha.
Riziki akafunika beseni kwa khanga,
maana jua likiigusa ile nyeupe huiva zambarau
kama kucha iliyobanwa na mlango.

Ndipo akaleta maji yanayochemka.
"Ya nini tena?" Mbaruku alikuwa anatazama saa.
"Ya kuuliza kama kuna mwingine."

Maji yale ya moto aliyachuja ndani ya glasi ya chai,
akaiweka dirishani. Safi. Maji matupu.
Tukanywa kahawa, tukatafuna kashata.
Glasi ikapoa,
na humo, kutoka pasipo kitu,
sindano zikaanza kushuka, nyeupe, zinameremeta,
nyembamba kuliko mwiba wa dagaa.

"Risasi," akasema mwalimu. "Na lile bati. Ni kulehemu huku.
Mmoja kati ya mitali hii ulivunjika, ukaungwa."

Mama alituambia haikuwahi kumtoka miguuni
tangu harusi yake Pangani.
Alikuwa akisema hivyo akiosha miguu,
akiuzungusha ule wa kushoto, ambao hatukuuchunguza.
Mbaruku akasema labda ni fundi mwenyewe tangu mwanzo.
Riziki hakusema.
Mimi nikakumbuka mwaka ule aliokaa kwa bibi miezi mitano,
akichechemea; alituambia amekanyaga kombe.

Magamba ya betri za redio yakamaliza kazi:
zinki ikaichukua klorini, fedha ikaachwa peke yake,
unga wa kijivu usio na sura;
kisha moto, kisha buraksi, kisha tone
linalozunguka kijunguni kama jicho.
Mizani ikasema haki. Mafungu manne.
Tukashukuru, tukaagana barabarani.

Glasi niliiomba mimi.
"Isikae karibu na chakula," alinionya. "Ile ni sumu."
Nimeihamishia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, juu ya kabati.
Usiku mwingine naitumbukiza chupa katika maji ya moto:
sindano zinapotea zote,
ungeapa hapajawahi kuwa na kitu.
Naketi. Nangoja ipoe.